Nyuma ya Pazia la Eda

Walinipigia simu alfajiri kuniambia Bi Riziki amefariki, na kabla sijamaliza kusema inna lillahi, mtu wa upande wa pili akaniambia marehemu ameacha wasia kwamba mimi niwe miongoni mwa watakaomwosha. Nilicheka, Mungu anisamehe. Magoti yangu haya yanalia nikiinuka kwenye msala, seuze kuinamia maiti. Lakini wasia ni wasia. Wajukuu wakanipakia garini kutoka Chake mpaka Ole, wakaniingiza chumbani, shuka ikafunuliwa, na mimi badala ya kuanza na bismillahi kama watu wazima wenzangu nikautazama uso wake kwa namna niliyofundishwa zaidi ya miaka sitini nyuma: kope kwanza, halafu pembe za mdomo, halafu koo. Vijana waliokuwa pamoja nami walidhani namlilia. Sikuwa nikilia, nilikuwa natafuta. Na hapakuwa na kitu cha kutafuta pale, ulikuwa uso wa mwanamke mzee aliyechoka, nikaona haya, nikaomba maji.

Mwaka ninaotaka kuueleza ulikuwa mmoja wa ile ya siasa za mwanzo, Mwingereza bado yupo na bendera ya Sultani bado inapepea bomani. Waliozaliwa baadaye wakisikia habari za miaka ile hudhani watu walikuwa wakigombana mchana kutwa. Hapana. Watu walikuwa wakichekeana. Duka lilikuwa na chama chake, kisima kilikuwa na chama chake, na mtu aliyekuwa haji tena msibani kwako alikuamkia njiani kwa meno yote thelathini na mbili. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, nasomesha kusoma na kudarizi katika skuli ya wasichana ya Chake, na nikijiona najua watu. Sikuwa najua kitu. Nilikuwa najua watoto, na mtoto akiongopa masikio yanamwiva.

Mwaka ule tuliletewa Inspekta Habibu, mtu wa Mjini Unguja, mrefu, mwenye sauti ya chini na viatu vinavyong'aa hata wakati wa tope. Alikuwa ametoka Ulaya masomoni, na huko alijifunza elimu ambayo sisi hatukuwa tumesikia mtu akiisomea: kumjua mwongo kwa kumtazama. Mkewe, Bi Salma, alikuwa akija kwangu kujifunza kudarizi, na kwa kuwa mimi nilikuwa nakaa peke yangu katika nyumba ya skuli akanizoesha kula kwao siku za Ijumaa. Nakumbuka chumba kile cha kulia kuliko vyumba vingi nilivyolala: meza ya mninga, feni isiyofanya kazi, sinia la wali wa nazi, na samaki wa kukaanga ambaye Bi Salma alimpaka pilipili bila ya huruma. Inspekta angenawa, angekaa, kisha angesema, "Haya Salma, tudanganye."

Na Bi Salma angetudanganya. Leo nimekutana na mke wa daktari. Leo paka ameiba kitoweo. Kazi yangu ilikuwa kusema lipi la kweli na lipi la uongo, na kazi ya Inspekta ilikuwa kunionyesha wapi pa kutazama. "Usimtazame macho, Mwalimu. Kila mwongo anajua kwamba macho yanatazamwa. Tazama koo. Mate yanakauka, lazima ameze. Tazama mikono, inatafuta kitu cha kushika. Na ukiweza kuona miguu, tazama miguu. Uso una bwana wake, miguu haina." Tulicheka sana, na Bi Salma akawa bingwa wa kusema uongo, mpaka mumewe akasema ameharibu nyumba yake mwenyewe. Lakini mambo hayo hayakai mezani. Baada ya wiki chache sikuweza tena kununua muhogo bila ya kumtazama muuzaji koo. Mwalimu mwenzangu akiniambia, "Kanga yako nzuri," nilikuwa naona pembe ya mdomo wake ikishuka. Nyumba niliyokuwa nikiamkia kwa furaha nikawa naiamkia kwa hofu, kwa sababu nilikuwa naona. Ilikuwa mwaka mbaya wa kujifunza elimu hiyo, kwa kuwa mji mzima ulikuwa ukiongopa kwa adabu.

Ndipo alipouawa Faki, mkulima wa karafuu wa Ole. Alikutwa asubuhi chini ya mikarafuu yake, uso kwenye tope, amepigwa kisogoni kwa kitu kizito. Mvua ilinyesha tangu alasiri ya jana yake mpaka usiku, ikafuta kila nyayo. Mwuza kahawa alimwona akipita kwenda shambani magharibi ikikaribia, na baada ya hapo hakuna aliyemwona akiwa hai. Walimkamata shemeji yake, Shaame, siku ile ile. Shaame alikuwa amesema msikitini, mbele za watu, kwamba Faki akimnyanyasa tena dada yake atamwonyesha. Na njia ya kutoka kwa Shaame kuja kwa Faki inapita katikati ya shamba lile. Wanawake kisimani walikwisha kata hukumu. "Kikulacho ki nguoni mwako," nilimsikia mmoja akisema, na wenzake wakaitikia kwa ndoo. Shaame mwenyewe alisema jambo moja tu: jioni ile alikuwa kwa dada yake, amekula huko, amelala huko barazani kwa ajili ya mvua. Kama ni kweli, basi si yeye. Kama si kweli, kitanzi.

Watu wawili tu ndio waliokuwamo katika nyumba ile jioni hiyo. Mmoja alikuwa Bi Mize, mama yake marehemu, mwanamke mfupi mkavu aliyezika watoto wengi na Faki akawa wa mwisho. Huyu, kwa kuwa mzee, alitoka akamkabili Inspekta uso kwa uso, akamwambia, "Shaame hakufika. Twalikuwa wawili, miye na nkaza-mwanangu." Inspekta aliniambia hajapata kuona uso safi kama ule. Machozi yalishuka pale yanapopaswa kushuka, macho yalimkaa sawasawa, mikono ilitulia mapajani. Wa pili alikuwa mjane, Riziki. Na Riziki alikuwa ndani ya eda.

Hapo ndipo elimu ya Ulaya ilipogonga ukuta wa Pemba. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hapakwi hina, hafukizwi udi, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni. Inspekta aliruhusiwa kukaa ukumbini, na Riziki akajibu kutoka chumbani, nyuma ya pazia. Akasema kaka yake alifika, wakala pamoja. Inspekta alirudi Chake amekasirika. "Nimesikia sauti," alimwambia mkewe, "sauti inatetemeka, lakini ya nini? Ya msiba? Ya uongo? Mimi ni daktari niliyepewa mgonjwa ndani ya sanduku." Bi Salma akamtilia mchuzi, akanitazama mimi. Nikajua kabla hajasema. Mudir, mkubwa wa serikali pale Chake, ndiye aliyenitaka rasmi, kwa maneno mengi ya heshima: Inspekta ataulizia ukumbini, mimi nitakaa ndani pamoja na mjane, nitazame. Hapakuwa na sharia ya dini wala ya serikali iliyozuia mwanamke kumtazama mwanamke mwenzake.

Chumba cha eda cha Ole kilikuwa na dirisha moja lililofungwa nusu. Kitanda cha kamba, mkeka, birika la udhu, kioo kimegeuzwa kimetazama ukuta. Nilichokiona kwanza si giza lake bali kutokuwa na harufu. Nyumba zetu zina harufu, asumini, udi, mafuta ya nazi, hata nyumba ya maskini. Ile haikuwa na kitu, na pua yangu ikawa inatafuta kama ulimi unaotafuta jino lililong'oka. Riziki alikaa juu ya mkeka amevaa nguo nyeupe, alikuwa mkubwa wangu kwa miaka michache tu, uso mwembamba, mzuri. Nilimwamkia, akanijibu bila ya kuinua macho. Hilo sikulihesabu. Msichana wa Pemba aliyelelewa hainui macho kwa mgeni, na kama Inspekta angelikuwa na jicho kwenye pazia angeliandika pale pale kwamba ameshaona dalili.

"Bi Riziki," Inspekta akaanza ukumbini, "jioni ile nani alikuja?"

"Kaka."

Koo lilitulia. Mikono ilitulia. Ilikuwa kweli, nilikuwa tayari kuapa.

"Mlikula nini?"

"Muhogo na nchuzi wa pweza. Kaka akala, miye sikuweza."

Imetulia. Na Inspekta, kwa sauti ile ile ya chini, akauliza, "Na mume wako alikuwa ametoka saa ngapi?"

Uso ukabadilika. Sijui niseme vipi. Ilikuwa kama mtu amepita nyuma yake na yeye amemhisi. Kope zilifumba mara mbili, koo likameza na halikuwa na cha kumeza, vidole vikaushika upindo wa nguo vikausokota. "Mume wangu," akasema, "marehemu mume wangu alitoka alasiri." Na kila aliposema "mume wangu" koo lile lilipanda na kushuka. Nilirudi garini. Inspekta akaniuliza, "Anaongopa?" Nikasema, "Anaongopa. Lakini si juu ya nduguye." Akasema hakuna uongo unaokaa peke yake, ukimwona mmoja ujue ukoo mzima umo ndani.

Mara ya pili nilikwenda na mwanapolisi mmoja tu, akabaki nje kivulini. Bi Mize alikuwa ametuambia anakwenda kisimani. Nilikaa na Riziki, tukala mkate wa mofa aliouletewa na jirani, mgumu, na yeye aliumega vipande vidogo bila ya kuvila. Ndipo niliposikia ukumbini, taratibu, mti ukigonga sakafu. Ko. Ko. Ko. Mitalawanda, vile viatu vya mti tulivyokuwa tukivaa kwenda chooni. Hatua nzito, za mwanamume, zikaja mpaka upande wa pili wa pazia zikasimama. Pazia halikutikisika. Riziki alikuwa amejikunja, kichwa juu ya magoti, kipande cha mkate bado mkononi.

"Ni nani huyo?" nilinong'ona.

"Ndo yeye," akasema. "Kila siku yuaja. Vile viatu vyake. Atanitoa, Mwalimu. Yuataka nitoke."

Nitasema kweli: sikuinuka kwenda kutazama. Mimi niliyekuwa nacheka mezani kwa Inspekta, nilisoma Ayatul Kursiyyu mpaka mwisho nikaanza tena. Hatua zikageuka, zikaondoka. Huko nje mwanapolisi alikuwa akipiga mluzi na hakusikia lolote. Na hata leo, nikiwa peke yangu, mtu akiburuza kiti katika nyumba ya jirani, kuna sehemu ya mwili wangu inayongoja kiti kile kisimame nyuma ya pazia.

Nilipopata ulimi nikamwambia, "Dada, maiti hamtoi mtu eda. Kwa nini atake utoke?" Na hili likanitoka bila ya kupangwa: "Kila ukisema mume wangu unameza mate." Akainua uso akanitazama kwa mara ya kwanza, na akalia kilio kisicho na sauti, cha mtu aliyezoea kusikilizwa ukutani. Kisha akanambia. Alasiri ile, kwa sababu ya neno dogo tu la maji ya udhu yaliyomwagika, Faki alimwacha. Talaka tatu, moja juu ya moja, akachukua panga akaenda zake shamba. Shaame alipofika akamkuta dada yake kavimba macho, akamuuliza, akamwambia moshi wa jikoni. Hakutaka damu imwagike. Asubuhi wakaletewa maiti, na kabla Riziki hajafungua mdomo wanawake walikwisha kumvua vipuli, wamemvika nyeupe, wamemwingiza chumbani. "Nimevikwa ujane si wangu," akasema. "Na kila siku nanena mume wangu, na si mume wangu. Nikisema kaniacha, watasema ndo maana Shaame kamuua. Nisiposema, yeye haniachi." Akaonyesha pazia.

Nilitoka nikamkuta Bi Mize amekaa kizingitini pa nyuma, ndoo yake kavu. Alikuwa amenyoosha miguu juani. Niliinama kumpa mkono, kama mtoto anavyompa mkono bibi yake, na macho yangu yakaanguka kwenye miguu ile. Katikati ya kidole gumba na kidole kinachofuata, miguu yote miwili, palikuwa na kidonda kibichi, chekundu, pale hasa panapokaa msuruaki, kile kijiti cha mtalawanda kinachoshikwa kwa vidole. Viatu vya mwanamume mkubwa katika miguu ya ajuza mdogo. Hofu yote niliyokuwa nayo ilibaki palepale ila ikabadilika jina.

"Bibi," nikamwambia, "mguu umefanya nini?"

Akautazama mguu, akanitazama mimi. Uso ule ambao Inspekta aliuita safi, uso uliolia vizuri, ukashuka taratibu, na nyuma yake palikuwa na mwingine ambao sikutamani kuuona tena. "Weye nwanangu una macho," akasema. "Miye nilikuwa ukutani. Neno la mwisho la nwanangu kulinena ndani ya nyumba hino lilikuwa talaka. Akafa na ghadhabu. Na yule kakaa chumbani mwake, yuamlilia kwa nguo nyeupe, na si nke wake. Wajua maiti anaelewa? Haliliwi na ntu aliyemwacha akapata kulala. Nataka atoke anene kwa kinywa chake."

"Na Shaame?"

"Shaame alifika," akasema, bila ya kujali, kama ninayemuuliza habari za kuku. "Kabla sijawasha taa. Riziki atoke anene la kweli lake mbele ya watu, na miye nitanena la kweli langu. Asipotoka, nyongo yangu itapoa vyovyote. Mmoja wao ataadhirika au mmoja wao atanyongwa."

Nimewahi kukutana na watu wabaya katika maisha, na Bi Mize hakuwa mmoja wao. Alikuwa mama aliyebaki na kitu kimoja cha kumfanyia mwanawe. Nilirudi chumbani nikamweleza Riziki yote, pamoja na habari ya viatu. Nilidhani atafurahi kujua kwamba si mzimu. Akasema, "Bora angelikuwa yeye." Kisha akaniuliza kama Inspekta anaweza kuja kesho.

Walikuja mchana, jua liko juu: Inspekta, Mudir, sheha wa Ole na shehe wa msikiti. Walikaa ukumbini wakilitazama pazia kama walivyozoea. Bi Mize alikaa pembeni juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Inspekta akafungua mdomo kuuliza, na Riziki akalishika pazia akalisukuma, akatoka. Shehe aligeuza uso ukutani. Sheha akasema, "Haramu, haramu!" Mudir akasimama akakaa. Mjane aliyekatiza eda mbele ya wanaume, uso wazi! "Eda hii ya kufiwa si yangu," Riziki akasema. "Faki kaniacha kabla hajafa. Talaka tatu, alasiri ile ile. Kaka hakuambiwa. Kaka alikuja akala, akalala barazani." Koo halikupanda wala halikushuka. Inspekta, ambaye alikuwa ameungoja uso ule wiki nyingi, alikuwa ameshika kalamu na hakuandika.

Akamgeukia Bi Mize. Na hapo nikaona ajuza yule anaanza kutetemeka. Mikono ilisaka upindo wa kanga, ikaupata, ikaupoteza. Alimeza mara tatu. Macho yalikwenda mlangoni, dirishani, chini. "Alifika," akasema. "Shaame alifika. Sijawasha taa. Kanzu imerowa chepechepe, nikampa shuka ya nwanangu ajifunge. Alikula. Alilala. Niliongopa." Akauficha uso.

Inspekta alinivuta uani, karibu na jiko. "Umeona?" akasema. "Koo, mikono, macho. Dalili zote, moja haikukosekana. Huyu bibi wamemtishia au wamemhonga. Siku ile alisema kweli, leo anaongopa."

"Bwana Inspekta," nikasema, "siku ile alipokwambia Shaame hakufika, uliona akitetemeka?"

"Hata kidogo."

"Kwa sababu uongo ule haukumtoa kitu. Ulikuwa zawadi kwa mwanawe. Huu ukweli ndio unaomtoa roho. Uso unakwambia kuna jambo. Haukwambii jambo gani."

Akatazama viatu vyake vilivyoingia majivu. Alikuwa mtu mwenye kiburi, lakini kiburi chake kilikuwa cha kazi, si cha nafsi, na hiyo ni tofauti kubwa. Ajuza anayemchukia Riziki alikuwa ndiye shahidi wa nduguye Riziki; hata Ulaya wasingeweza kupata shahidi bora zaidi. Baada ya siku chache Shaame akaamriwa kuachiwa. Muuaji wa Faki hakupatikana. Watu walisema mwizi wa karafuu, wengine wakasema siasa, wengine wakasema majini wa Pujini, na Ole ikaendelea kuchuma karafuu.

Riziki alihamia nyumba ya marehemu wazee wao, na aliomba jambo moja tu: Shaame asiambiwe habari ya talaka, atamwambia mwenyewe, asije akaisikia njiani. Ndiyo maana Inspekta alimtoa rumande akamleta kwa gari mpaka mlangoni, na mimi nikiwa nimekaa nyuma. Inspekta alibaki nje akifungua boneti kutazama maji. Mimi niliingia pamoja na Shaame. Kulikuwa na chai, na mkate wa kumimina uliokatwa vipande vikubwa. Shaame alikuwa amekonda, akamkumbatia dada yake, akalia kweli, kwa mabega. Wakakaa. Riziki akasema, "Kaka, kuna jambo hukulijua. Siku ile Faki alikuwa kaniacha."

Shaame akashangaa. Nyusi zikapanda, mdomo ukafunguka, mikono ikaja kichwani. Na nyusi zikabaki juu. Mimi nimesomesha watoto, nimeshangaza mamia ya nyuso, na najua mshangao huja na kuondoka kabla mwenyewe hajajua umekuja. Ule ulikaa. Ulikaa mpaka alipokuwa na hakika kwamba sote tumeuona. Kisha akasema, "Subhanallah!" akanyoosha mkono kuchukua mkate.

Garini nilimwambia Inspekta. "Mwalimu," akasema, "siku ile hukunambia kwamba uso hausemi jambo gani? Pengine alijua habari ya talaka, basi. Ndiyo iwe kosa? Pengine Faki mwenyewe alimwambia walipokutana njiani."

"Walipokutana njiani wapi?" nikauliza.

Akakanyaga mafuta. Jioni ile ya mvua hakuna aliyesikia adhana, na kila mtu alikuwa na magharibi yake mwenyewe: mwuza kahawa na yake, Bi Mize na taa yake, na kati ya hizo mbili mtu angeweza kukutana na mtu shambani. Tulifika Chake, akanishusha mlangoni pa skuli, na tangu siku hiyo hakuwahi tena kumwambia mkewe atudanganye. Kabla mwaka haujaisha walimhamishia Unguja.

Riziki alikuja kwangu miezi baadaye, mchana, skuli imefungwa. Wanawake wa Ole walikuwa hawamwamkii bado. Alikaa juu ya kiti cha mwanafunzi, akavua mtandio wa buibui usoni, akakataa chai. Alikuwa amekuja kwa jambo moja na alilitoa kama mtu anayetoa mwiba.

"Mwalimu, siku ile nilipomwambia kaka habari ya talaka, miye nilikuwa natazama chini, nikiona haya. Weye ndo uliyekuwa ukitazama. Uliuonaje uso wake?"

"Mimi pia nilikuwa natazama chini," nikasema.

Alinitazama. Alianza na kope, akashuka kwenye mdomo, akashuka kwenye koo, na hakuna Inspekta aliyemfundisha. Nilijitahidi nisimeze mate, nikayasikia yakishuka. Akasimama, akasema ahsante, akaurudisha mtandio usoni, akaenda zake.

Shaame aliishi sana, alikuwa mtu mwema kwa kila aliyemjua, na kila Sikukuu alimpelekea dada yake sahani ya biriani iliyofunikwa kawa. Riziki aliipokea mlangoni, akamshukuru, akamwombea dua, akangoja mpaka amepinda kona. Halafu aliwamwagia kuku.